Ukurasa Uliogeuka Kola

Chumba cha mbele, mezani pa cherehani.
Jumapili mchana, tarehe tisa, mwezi wa tatu.

Mpendwa mjukuu wangu Sindano,

Pokea salamu zangu nyingi, mimi bibi yako mzaa baba. U hali gani huko? Unakula? Usinijibu kwamba unakula, nieleze umekula nini. Ile picha uliyotuma, umevaa koti jeupe na glavu za mpira, nimeiangalia kwa miwani na bila miwani, na mara zote mbili nimeona mifupa ya shingo. Koti lenyewe limekaa vibaya mabegani. Aliyelishona alipima mlango, hakupima mtu.

Sisi hapa ni wazima. Goti langu la kushoto linaniuma kama kawaida yake, na la kulia limeanza kuiga. Macho ndiyo hivyo tena, ndiyo maana unaona mistari yangu inapanda na kushuka kama pindo la mwanafunzi. Lakini naandika mwenyewe. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili alitaka kuniandikia, nikamwambia asante, madarasa yangu matatu yananitosha kumgombeza mjukuu wangu.

Nimeanza na ugomvi kwa sababu nina shukrani nyingi, na shukrani zikinijaa huwa sijui nizishike wapi. Sasa kaa chini usome.

Barua yako ya kurasa mbili ilifika salama. Ila hujui ilikuta hali gani hapa nyumbani. Kwenye simu nilikuuliza swali moja tu, kwamba mtu aliyepigwa sana utotoni, je, kipigo kile kinaweza kujiandika kwenye mbegu yake kikamfuata mtoto wake? Nikakwambia uniandikie jibu kwa Kiswahili cha watu, maana hiyo kazi yako ya mbegu za panya ndiyo mambo hayo hayo. Kwa nini nauliza, sikusema. Simu ilikuwa ya jirani, na jirani ana masikio.

Ni kaka yako. Cheche, kama wanavyomwita wachomeleaji wenzake. Wifi yako alikuwa na mimba ya miezi mitano, na kaka yako ameshaanza kumtengenezea mtoto kitanda cha chuma, anakisifia kila siku utadhani atalala yeye. Basi kule karakana redio inalia kutwa. Siku hiyo aliongea daktari, akasema hofu na kipigo vya utotoni huacha alama kwenye mbegu za mwanamume. Labda daktari alisema na mengine, lakini mashine ya kukatia vyuma ikawashwa, na kaka yako akabaki na hiyo nusu.

Alikuja nyumbani, akakunja godoro, akahamia karakana. Mkewe akaambiwa kuna kazi kubwa ya mageti. Wiki mbili mageti hayaishi! Kliniki akaacha kumsindikiza. Kitanda cha mtoto akakiacha kina miguu mitatu, kimeegemea ukuta kama mlevi. Wifi yako akaja chumbani kwangu, hakulia, unamjua yule, akaniambia: "Bibi, kama ana mwingine aniambie nijue nakaa wapi."

Nikaenda karakana kwa miguu yangu na magoti haya haya. Nilimkuta amevaa miwani ya kuchomelea, nikamwamuru aivue niyaone macho.

"Una mwanamke mwingine?"

"Bibi, mwanamke mwingine nimweke wapi, juu ya hizi nondo?"

"Basi una nini?"

Akazima mashine. Akasema mkono wa baba yenu, ule wa kupiga, anao. Hajawahi kuunyanyua, lakini anao, anausikia begani. Na sasa amejua kwamba ameshampa mtoto kabla hajazaliwa, na hakuna wa kuutoa. "Nikikaa mbali naye," akasema, "angalau nitakuwa nimempunguzia."

Sindano, mimi huwa sikosi la kusema. Siku hiyo nilikosa. Nilirudi nyumbani nimenyamaza, mpaka watu njiani wakaniuliza kama naumwa.

Ndipo barua yako ikaja. Niliisoma siku tatu, kidole chini ya mstari. Nitakueleza nilivyoelewa, nikikosea nirekebishe, lakini kwa adabu.

Ulisema kila seli ya mwili ina jeni zile zile. Jicho lina zile zile, ini lina zile zile, ni kama mafundi wote wamepewa jora moja la kitambaa. Kinachotofautisha ni alama zilizowekwa juu yake, hapa fungua, hapa funga, ndiyo maana jicho halijisahau likawa ini. Nikasema hapo nimekuelewa, hiyo ni chaki. Kitambaa ni kile kile, chaki ndiyo inayosema hii suruali, hii sketi.

Ukasema mtoto akiwa tumboni bado mdogo kama punje ya maharage, seli chache hutengwa. Hizo haziwi mkono wala sikio, zinawekwa kwa ajili ya uzazi. Zinatembea zenyewe mpaka mahali pao, na humo njiani zinafutwa alama, halafu zinaandikwa upya, za kiume kivyake na za kike kivyake. Na zipo jeni zinazokumbuka kama zimetoka kwa baba au kwa mama, nazo pia hufutwa na kuandikwa tena. Hapo nilicheka peke yangu. Kumbe hata humo ndani, mahali pasipoonekana kwa jicho, upo upande wa kuumeni na upande wa kukeni, na kila upande una lake la kusema!

Halafu kuna kufutwa kwingine. Mbegu ya baba inapokutana na yai la mama, siku zile za mwanzo kabisa, alama nyingi alizokuja nazo baba huondolewa, mama mwenyewe hajajua kama ana mimba.

Sasa niambie, mimi nimefanya kazi gani miaka hamsini? Naletewa koti la marehemu fulani litolewe suruali ya mtoto wa shule. Nafumua, napiga brashi, nafua chaki ya fundi wa kwanza mpaka kitambaa kisahau kilikuwa nini, kisha nachora upya. Umesoma miaka yote hiyo, ukavuka nchi na nchi, umeenda kujifunza kazi ya bibi yako.

Nikamwita Cheche. Nikamkalisha hapa hapa, nikachukua kipande cha kitambaa cha buluu, nikakichora chaki pande zote, vibaya kabisa, kisha nikakipiga brashi mpaka kikawa safi.

"Unaona kitu?"

"Sioni."

"Ndivyo alivyofanyiwa mwanao, kabla mkeo hajaanza kutapika. Umechelewa kumharibu. Kamata godoro urudi nyumbani."

Akacheka kidogo, cheko la puani. Lakini jioni tukamwona anakuja, godoro kichwani. Wifi yako akampokea, akampa ndoo ya maji aoge maana alinuka moshi wa chuma. Mimi huku ndani najisifu kama nimevumbua hayo mambo mwenyewe.

Sasa nakuja penye kosa langu. Ukurasa wa pili sikumsomea.

Uliandika humo kwamba hazifutiki zote. Kwamba ziko alama zinazojificha zikapita, kwa panya mmeziona, si nyingi, na kwa binadamu bado mnabishana. Ukaandika kwamba juu ya kipigo hasa, wewe hujui, na asiyejua asijifanye anajua. Nikasoma mpaka hapo, nikaufunga. Niliona nikimsomea huo, godoro halitatoka karakana. Nikautia katikati ya karatasi zangu za kukatia vipimo, na Cheche nikamwambia barua ilikuwa ya ukurasa mmoja. Nilimdanganya mtoto mchana kweupe, miwani ikiwa usoni.

Wifi yako alipofika miezi minane nikaanza gauni la mtoto. Karatasi yako ni nzuri, ngumu, haijikunji, wala haifanani na haya magazeti ninayokatia siku zote. Mkono ukaichukua wenyewe. Nikachora kola ndogo, nikakata, nikaibana kwa pini juu ya kitambaa cheupe. Wala sikutazama upande wa nyuma. Kisha, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, nikamwita kaka yako aje anishikie kitambaa kisiteleze.

Akashika. Akainama, akachungulia chini ya karatasi. Akasema: "Bibi, kola hii inasema 'hazifutiki zote.'"

"Ni karatasi ya zamani."

"Huu ni mwandiko wa Sindano. Herufi zake zinalala kama zina homa."

Akachomoa pini moja moja, taratibu, akiziweka kwenye kile kimto changu cha pini. Akauliza sehemu nyingine ya ukurasa iko wapi. Sehemu nyingine, mjukuu wangu, ilikuwa kwenye kikapu cha vipande chini ya meza, imechanganyika na vitambaa. Tukashuka chini wote wawili, mimi na magoti yangu, tukawa tunaokota vijikaratasi na kuvilinganisha, kama watu waliovunja sahani ya watu. Wifi yako akatokea mlangoni na tumbo lake, akauliza kama tumepoteza sindano. Mimi kichwani nahesabu siku: leo atahama, kesho atahama.

Tuliubana kwa pini mezani ukatimia wote. Akausoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Akaniuliza kwa nini nilimficha.

Nikasema kwa faida yake.

"Bibi," akasema. Hilo tu.

Basi nikasema. Nikasema sikumwogopea yeye peke yake. Kama alama zinapita, hazikuanzia kwa baba yenu, zimeanzia kwenye meza hii. Baba yenu, Mungu amrehemu, nilimpiga mimi. Nilimpiga kwa ile rula ya mbao ya kupimia. Nilimpiga kwa mshono uliokwenda upande, kwa mafuta ya cherehani yaliyomwagika kwenye nguo ya mtu, na siku nyingine kwa sababu tu alikuwa na uso wa babu yenu aliyetuacha. Nilikuwa mwanamke peke yangu na cherehani moja na watoto watatu. Hiyo naisema ujue ilivyokuwa, siisemi kujisafisha. Miaka yote mliponililia kuhusu baba yenu, niliulaumu ulevi wake, nikalaumu rafiki zake, nikamlaumu hata mama yenu. Nilimlaumu kila mtu aliyeko mbali na meza hii.

Kaka yako hakushtuka. Ndicho kilichonivunja.

"Tunajua, Bibi," akasema. "Baba alikuwa akitupiga anasema, hiki kipigo si changu, hiki nimepewa na mama. Mimi na Sindano tunajua tangu tuko wadogo. Tulikuwa tunangoja useme wewe."

Nilikaa kwenye kiti changu kama mgeni.

Halafu akaanza kunicheka, ndiyo, kunicheka mimi. Akasema ule ukurasa wa kwanza, nilivyomsomea, hakuuamini hata siku moja. "Ulikuwa mtamu mno, nikajua umeutia sukari. Nilirudi kwa sababu nilimhurumia mke wangu. Kumbe Sindano aliandika na asiyoyajua! Sasa naamini na yale aliyosema anayajua." Akaniuliza kama ni kweli mtoto alifutwa mwanzoni kabisa, nikamwambia ndivyo ulivyoandika, hilo sikuongeza. Akaniuliza kuhusu mistari ya mwisho, pale uliposema kwamba hata baada ya kuzaliwa alama zinaendelea kuandikwa, kwamba wenzako wameona vitoto vya panya vinavyolambwa sana na mama zao vinakua vitulivu kuliko visivyolambwa, na tofauti hiyo inaonekana kwenye alama za ubongo.

"Kwa hiyo kuna kazi bado," akasema.

"Ipo."

"Si kukaa mbali."

"Nani alikwambia ukae mbali? Mimi nilisema nini pale karakana?"

"Hukusema kitu, Bibi. Ilikuwa mara ya kwanza, tuliandika ukutani."

Mchana huo huo akakichomelea kitanda mguu wa nne. Gauni nalo nimelimaliza, kola yake imekaa vizuri kuliko ya koti lako.

Basi hizi ndizo shukrani zangu, na nimezunguka sana kuzifikia. Kwa ukurasa wa kwanza nakushukuru kama fundi anavyomshukuru fundi mwenzake. Kwa ukurasa wa pili nakushukuru kuliko hapo. Ungeweza kutuandikia utamu mtupu, nasi tungefurahi, na kaka yako angeishi na mkewe huku moyoni yuko karakana. Ukaandika kweli mpaka pale inapoishia, ukaweka kalamu chini.

Na kuna jingine. Ulijua. Nilipokuuliza kwenye simu kuhusu mtu aliyepigwa, ulijua nani alimpiga nani, na nani alimtangulia. Ungeweza kuniandika. Uliandika "mtu yeyote". Nimeusoma huo mstari mara nyingi kuliko mingine yote. Ahsante, mjukuu wangu. Sikustahili adabu hiyo, na nimeipokea.

Baba yenu nimemchelewa, ni mwaka wa sita huu yuko kaburini. Kwa hiyo naomba msamaha kwenu wawili mliopata kilichobaki. Kaka yako nimemwomba kwa mdomo. Wewe nakuomba kwa mkono. Usinijibu haraka haraka kwamba yamepita. Nijibu utakavyo, au nyamaza, ila ujue nimesema, na nimesema nikiwa na akili zangu.

Sasa habari yenyewe. Wifi yako amejifungua Jumanne, mtoto wa kike, salama, mama na mwana. Jina bado wanabishana, mimi namwita Uzi, kwa wembamba wake. Nimemtazama vidole vyote. Uliandika kwamba mtoto wa kike huzaliwa mayai yake yamo ndani tayari. Basi nilipompakata kitukuu changu nikajua nimepakata na vilembwe, kundi zima, nikamwambia mama yake anikalishe vizuri maana nimebeba ukoo. Na nimepiga hesabu nyingine. Zile seli zilizokuleta wewe zilitengwa ndani ya baba yako akiwa bado tumboni mwangu. Kwa hiyo usije ukamwambia mtu kwamba mimi sikukubeba.

Mama yako anakusalimu, Jumamosi alitoka kule shule ya bweni anakopika akaja moja kwa moja kumwona mjukuu, akamshika mpaka tukamnyang'anya. Wifi yako anakusalimu, anauliza hao panya wako wana haki gani. Shangazi yako anakusalimu, magomvi yetu yameisha, yataanza mengine. Mwalimu mstaafu anasema usiache kusoma, nikamwambia aache kuwaambia watu wasio wake. Nisalimie huyo mama mkuu wa maabara yenu, mwambie nimesema akupe nafasi ya kula. Na hilo koti lifungashe uniletee ukija, nitalifumua lote.

Ngoja. Mtoto analia chumba cha pili, nami nimeshaanza kuinuka na kalamu mkononi. Sasa nimekaa tena. Kaka yako ameingia toka kazini, Jumapili nayo hapumziki, hata viatu vizito vya karakana hajavua, nasikia anapita navyo sakafuni kwenda kwa mtoto. Nyinyi mkisikia viatu vya baba yenu mlikuwa mnakimbilia kwangu, mnajificha nyuma ya majora ya kitambaa, nami nawafunika na kushona kana kwamba sijawaona. Huyu amevisikia vya baba yake, amenyamaza.

Mungu akulinde, aitulize mikono yako kwenye hiyo kazi ndogo ndogo, akushibishe, akurudishe kwetu ukiwa na nyama mwilini.

Ni mimi bibi yako, nikugombezaye kwa kuwa nakupenda, na leo nimekushukuru karibu bila kugombeza.

Bibi